Namba Iliyo Nyuma ya Msasa: Kung'arisha Kikalio cha Rili

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, Mkoa wa Singida)

KWA MWALIMU WA DARASA. Kabla ya kipindi kuanza, andika ubaoni namba hizi: 120, 240, 400, 600, 1000. Leta darasani vipande viwili vya msasa, kimoja cha kukwaruza sana na kimoja laini. Kila mwanafunzi akiguse kwa kidole, kisha akigeuze na kusoma namba iliyo nyuma. Baada ya hayo fungua redio.

MAZUNGUMZO

   Natumaini mmekwisha kaa, na madaftari yako mbele yenu.

Somo letu la leo ni kazi ya mikono. Tutajifunza namna ya kusugua na kung'arisha kipande kidogo cha plastiki kinachokaa kwenye fimbo ya kuvulia samaki. Labda mmoja wenu anajiuliza, "Kipande cha plastiki kina nini cha kufundishwa redioni?" Subiri kidogo, ndugu yangu. Mimi mwenyewe kipande hicho kilinifanya niingie darasa la watu wazima, nikiwa na mvi mbili tatu kichwani. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa.

Mkoa wetu una maziwa. Mji wa Singida uko kati ya Ziwa Singida na Ziwa Kindai. Maji ya maziwa hayo ni ya chumvi, na heroe huyapenda. Upande wa Iramba liko Ziwa Kitangiri. Mto Wembere huleta maji humo, na Mto Sibiti huyatoa kwenda Ziwa Eyasi. Watu wa Kitangiri huvua perege na kambale. Wengi huvua kwa nyavu, lakini wako pia wanaovua kwa mshipi na ndoano. Mvuvi wa ndoano huhitaji chombo kizuri, na chombo kizuri huhitaji fundi.

SEHEMU ZA FIMBO

Fimbo ya kuvulia iliyo kamili ina sehemu nne. Kwanza ni ufito wenyewe, ambao waweza kuwa wa mwanzi. Pili ni vipete vidogo ambamo mshipi hupita. Tatu ni mpini wa kushikia. Nne ni mahali pa kukalisha rili.

Rili ni gurudumu dogo lenye mkono wa kuzungusha. Kazi yake ni kukunja na kukunjua mshipi. Chini ya rili upo wayo wa chuma. Wayo huo hulazwa juu ya kipande cha mviringo kilichovikwa kwenye fimbo. Kipande hicho ndicho tutakachokiita kikalio. Mwisho mmoja wa kikalio upo mfuniko mdogo, nao hushika ncha moja ya wayo. Upande wa pili ipo pete inayoteleza, nayo hubana ncha nyingine. Pete ikibana sawasawa, rili haitikisiki. Pete ikilegea, rili huhama wakati samaki anavuta, na mvuvi hubaki ameshika fimbo kwa mkono mmoja na rili kwa mkono wa pili, huku samaki akienda zake.

Basi kikalio kina kazi mbili. Cha kwanza, kibane. Cha pili, kipendeze, maana ndicho macho ya mnunuzi yanachoangukia kwanza. Wazee wetu walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Huko Marekani na Uingereza watu wamezitengeneza fimbo za mkono tangu zamani. Katika miaka ya 1870 fundi mmoja wa Marekani, Hiram Leonard wa Bangor, alijulikana sana kwa fimbo zake zilizounganishwa kwa vipande sita vya mwanzi vilivyochanwa na kugandishwa kwa gundi. Vikalio vya siku hizo vilikuwa vya mti au vya chuma. Siku hizi vingi ni vya plastiki, kwa sababu plastiki hainyonyi maji wala haiozi.

Nasi Afrika Mashariki si wageni wa kazi kama hizi. Nchini Kenya wako mafundi wanaofunga chambo bandia kwa uzi na manyoya juu ya ndoano, na kazi yao huuzwa ng'ambo. Na huko Lamu mwaka 2018 mafundi wa majahazi waliunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika malapa makuukuu ya rangi nyingi. Mwaka 2019 jahazi hilo liliondoka Lamu likasafiri mpaka Unguja. Mafundi wale walikuwa wamezoea mbao. Walichukua ujuzi wa mbao wakautia katika plastiki. Na sisi leo tutafanya vivyo hivyo, kwa kipande kinachotosha kiganjani.

YALIYONIPATA

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa fundi wa mipini. Nilitengeneza mipini ya majembe, ya mashoka na ya visu, na watu waliisifu. Lakini sikujua kusoma. Msasa niliuchagua kwa kidole gumba. Nikiugusa na kuona mkali, huo ulikuwa wa kuanzia. Nikiona laini, huo ulikuwa wa kumalizia.

Siku moja mzee mmoja wa Kitangiri aliniagiza fimbo. Tulipatana bei ya majogoo manne. Alileta mawili kwanza. Nilifanya kazi kwa furaha. Ufito ulikuwa mzuri na vipete vilikaa sawa. Nikafika kwenye kikalio. Nilikisugua kwa msasa mkali, kisha nikachukua kipande kingine. Kidole kiliniambia kuwa ni laini. Kumbe kilikuwa kipande kikuukuu cha msasa wa 220, kimechakaa na kulowa maji. Punje zake nyingi zilikuwa zimekwisha, lakini chache zilibaki, na hizo chache zilikuwa kubwa.

Nikasugua. Kikalio kilipokuwa na maji kilimetameta kama kioo. Kilipokauka, mikwaruzo ilitokea. Nikadhani sijasugua vya kutosha. Nikaongeza. Kikalowa, kikametameta. Kikakauka, mikwaruzo ile ile. Nikaongeza tena mpaka jua likatua. Sikujua kwamba kila nilipoondoa mkwaruzo mmoja, punje kubwa zilichora mwingine. Tena sikujua kwamba kikalio kilikuwa kinakonda. Mwisho nilikipaka mafuta ya alizeti. Mikwaruzo ikajificha, nami nikampelekea mzee fimbo yake.

Baada ya siku chache alirudi na mjukuu wake, mtoto wa darasa la tatu. Mzee hakunikemea. Aliweka fimbo chini akasema, "Mwanangu, fimbo yako inang'aa majini tu." Kisha akanieleza. Kambale mkubwa alikuwa amemeza ndoano. Alipovuta, pete iliteleza, rili ikachomoka, mshipi ukajifunga mafundo ukakatika. Chakula cha nyumba nzima kilirudi ziwani pamoja na ndoano.

Nilijitetea. Nikamwonyesha msasa wangu nikasema, "Mzee, mimi nilimalizia kwa msasa laini. Huu hapa." Yule mtoto akauchukua, akaugeuza, akasoma kwa sauti, "Babu, hapa pameandikwa mia mbili na ishirini."

Ndugu zangu, nilitamani ardhi inifunike. Kidole changu cha miaka mingi kilinidanganya. Namba ilikuwa nyuma ya karatasi siku zote, ikiniambia kweli, nami sikuweza kuisikia. Majogoo ya mzee niliyarudisha. Wiki iliyofuata nilikwenda kuandikisha jina langu darasani, au tuseme niliandikiwa, kwa kuwa sikuweza kuliandika mwenyewe.

MAANA YA NAMBA

Basi tuanze na namba. Tazameni nyuma ya msasa wenu. Mtaona namba, na mara nyingi mbele yake ipo herufi P. Namba ikiwa ndogo, punje za msasa ni kubwa. Namba ikiwa kubwa, punje ni ndogo. Wengi hukosea hapa, hudhani namba kubwa ni ukali mkubwa. Sivyo.

Sababu yake ni rahisi, na akina mama wataielewa upesi. Fikirini chekeche la unga. Chekeche lenye matundu machache katika inchi moja hupitisha chenga. Chekeche lenye matundu mengi katika inchi moja hupitisha unga laini tu. Namba za msasa zilitokana na hesabu hiyo ya machekeche. Matundu yakiwa mengi, punje ni ndogo. Punje zilizo ndogo mno haziwezi kuchekechwa, kwa hiyo hutenganishwa kwa njia nyingine, kama vile kuziacha zitue ndani ya maji. Kubwa hutua kwanza, ndogo hutua baadaye.

Neno lenyewe, msasa, tulikuwa nalo kabla ya karatasi za dukani. Msasa ni mti ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa mbao waliyatumia kulainishia kazi zao. Ndiyo maana hata leo mtu aliyefundishwa vizuri husemwa kuwa amepigwa msasa.

Sasa shikeni jambo moja, ambalo ndilo moyo wa somo la leo. Msasa hauondoi mikwaruzo yote. Msasa huondoa mikwaruzo mikubwa na kuacha mikwaruzo midogo iliyo sawa na punje zake. Msasa unaofuata huondoa hiyo midogo na kuacha midogo zaidi. Huendelea hivyo mpaka mikwaruzo inakuwa midogo kiasi kwamba jicho haliioni. Hapo ndipo tunaposema kitu kinang'aa. Kwa hiyo kung'aa si rangi ya kupakwa mwishoni. Kung'aa huanza kutengenezwa tangu kwenye namba ya kwanza. Ukiruka namba moja, kosa lake litakungoja mwisho.

KUIJUA PLASTIKI YAKO

Plastiki ni jina la ukoo, na watoto wa ukoo huo hawafanani tabia. Kabla ya kusugua, ujue uliyeshika ni nani.

Chukua kisu, paruza kipande kidogo sana, ukitie ndani ya beseni la maji, ukizamishe kwa kidole, kisha uachie. Kikielea, hiyo ni plastiki ya ukoo wa madumu na ndoo. Ni laini, ina mafuta mafuta, na ukiisugua hutoa nyuzi nyuzi. Yafaa kwa kikalio cha kazi ngumu, lakini usitazamie ing'ae kama kioo. Kikizama, yaweza kuwa akriliki, ambayo hutumiwa na watengenezaji wa mabango, au PVC, ambayo ndiyo mabomba ya kijivu na meupe ya maji, au aina nyingine nzito. Akriliki ndiyo hung'aa kuliko hizi zote. Omba mabaki kwa fundi wa mabango; vipande anavyotupa vyakutosha.

Usiijaribu plastiki kwa kuichoma moto. Moshi wa PVC una asidi inayounguza koo na mapafu.

Vipande vya akriliki hukatwa kuwa pete ndogo, hutobolewa katikati, kisha hupangwa juu ya bomba jembamba kwa gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Waweza kubadilisha rangi, nyekundu kisha nyeusi kisha nyekundu, au kuweka pete ya mpingo katikati. Acha gundi ikauke siku nzima. Hapo una kikalio, lakini sura yake bado ni kama gunzi la mahindi. Kazi ya kumalizia ndiyo inaanza.

KAZI YENYEWE

Mwenye keezo atakereza, kama mafundi wa Lamu na Unguja walivyokereza miguu ya vitanda. Asiye na keezo apitishe bolti ndefu katika tundu la kikalio, akaze nati pande zote mbili, kisha aibane bolti kwenye jiriwa. Afanye kazi kwa mkono. Ni polepole, lakini polepole ina faida yake, kama mtakavyoona.

Hatua ya kwanza ni tupa. Piga tupa mpaka kikalio kiwe mviringo. Lakini usikipunguze mpaka kipimo cha mwisho. Acha unene wa ziada karibu nusu milimita, maana msasa nao una haki yake ya kula. Kipimo chako bora ni ile pete inayoteleza. Weka pete karibu. Baada ya tupa, pete isiingie hata kidogo.

Hatua ya pili ni msasa 120. Huu huondoa alama za tupa na kukaribia kipimo. Ukimaliza, pete iguse ncha tu, ikatae kwenda mbele.

Hatua ya tatu ni msasa 240. Kuanzia hapa tumia maji. Uwe msasa wa maji, ambao karatasi yake hailainiki ikilowa. Tia tone la sabuni katika maji. Maji yana kazi tatu: hupoza, huchukua vumbi, na huzuia msasa kuziba. Baada ya 240, pete iingie kwa kusukumwa kwa nguvu.

Hatua ya nne ni msasa 400, ya tano ni 600, na ya sita ni 1000. Misasa hii hula kidogo sana. Baada ya 600, pete iende kwa mkono, bila kucheza. Ikianza kucheza, umepita mpaka, na hakuna dawa ila kuanza kikalio kingine.

Katika kila hatua shikeni desturi nne.

Desturi ya kwanza: badili mwelekeo. Ukisugua kwa kuzunguka na 240, sugua kwa urefu na 400. Hapo utaitambua mikwaruzo ya zamani, kwa sababu inakatiza ile mipya. Endelea mpaka ile inayokatiza imekwisha yote, kisha ongeza kidogo.

Desturi ya pili: osha. Kabla ya kubadili namba, osha kikalio, osha mikono, mwaga maji na uweke mengine safi. Punje moja ya 120 ikibaki chini ya ukucha itaharibu kazi ya saa nzima.

Desturi ya tatu: kausha ndipo utazame. Maji hujaza mikwaruzo na kuificha. Mafuta nayo ni hivyo hivyo. Kila kitu kilicholowa huonekana kizuri. Pangusa kikalio, kipeleke juani, ukiinamishe ili mwanga upite juu yake kwa ubavu. Mkwaruzo utajionyesha wenyewe. Wenye macho ya uzee wasugue juu ya kikalio kwa penseli kabla ya kubadili namba. Penseli hubaki ndani ya mikwaruzo, nao huonekana kama mistari myeusi.

Desturi ya nne: usifanye haraka. Hapa sisemi methali tu. Haraka huleta joto, na joto ni adui wa plastiki. PVC huanza kulegea karibu na nyuzi 80 za sentigredi, na akriliki karibu na nyuzi 100, yaani joto la maji yanayochemka. Msasa mkavu ukisuguliwa upesi, hasa kwa mashine, hufika huko bila wewe kujua. Plastiki huyeyuka juu juu, hubandika vumbi, na kuacha madoa meupe. Mti ukiupa joto kidogo husamehe. Plastiki haisamehi. Ukisikia kikalio kina moto mkononi, simama, kitie majini, upumzike nawe.

Usisahau kingo. Pande mbili za mwisho za kikalio zivunjwe ukali kwa msasa 400, kidogo tu. Mvuvi hushika hapo kwa saa nyingi na mkono uliolowa. Ukingo mkali huchana ngozi, na ngozi iliyolowa huchanika upesi.

KUNG'ARISHA

Baada ya 1000 kikalio hakitang'aa bado. Kitakuwa na ukungu ulio sawa pande zote, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Usikate tamaa. Ukungu ulio sawa ni dalili njema. Ubaya ni ukungu wenye mistari.

Chukua kitambaa laini cha pamba, fulana kuukuu yafaa sana. Tia dawa ya meno nyeupe, si ile ya maji maji inayoonekana kama jeli, na tone la maji. Sugua kwa vizungushi vidogo, kisha kwa urefu. Dawa ya meno ina punje ndogo kuliko za msasa wetu wa mwisho, nazo ndizo husafisha meno. Baada ya dakika kumi au zaidi, osha, kausha, tazama juani.

Asiye na dawa ya meno atumie majivu. Yachekeche majivu ya kuni kwa kitambaa. Yakoroge katika maji, ngoja kwa muda wa dakika moja ili punje kubwa zitue, kisha mimina yale maji yenye tope katika chombo kingine. Yaache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya juu, uchukue ule uji laini ulio chini. Huo ni mkono wenu wenyewe mmetenganisha punje, kama wafanyavyo viwandani. Jaribu kwanza kwenye kipande kibovu, na unawe mikono vizuri, maana maji ya majivu huchoma ngozi.

Usisafishe akriliki kwa petroli, wala kwa spiriti, wala kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Vitu hivyo huleta nyufa ndogo ndogo ndani yake, kama chungu kilichopasuliwa na moto. Maji na sabuni vyatosha.

AFYA NA MAZINGIRA

Vumbi la plastiki si chakula cha mapafu. Unaposugua kwa msasa mkavu, vaa barakoa au ufunge kitambaa puani, uvae miwani, na ufanye kazi mahali penye upepo. Watoto wakae mbali. Msasa wa maji ni salama zaidi kwa pumzi, lakini yale maji machafu usiyamwage mtoni wala ziwani. Yaache yatue, yachuje kwa kitambaa, na uchafu utupe pamoja na taka. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa sababu plastiki haiozi upesi. Haifai sisi tunaotengeneza chombo cha kuvulia samaki tuwalishe samaki vumbi letu.

MWISHO WA HADITHI

Mtauliza, je, yule mzee? Nilipokwisha jua kusoma namba, nilimtengenezea kikalio kingine bila malipo. Nilikata misasa mitano, nikaipanga juu ya benchi kwa namba zake, kila mmoja chini ya jiwe lake. Kazi iliyonichukua siku nzima zamani ilikwisha kabla ya mchana. Nilipompelekea, hakukitia majini. Alikipangusa kwa shuka yake, akakiinua juani, akakigeuza upande huu na upande huu. Kisha akaisukuma pete. Ikaenda, ikakaa, ikakataa kurudi. Hakunisifu kwa maneno mengi. Alimwita mjukuu wake akamwambia, "Mkamate jogoo yule mwekundu, umpe fundi."

Ndugu zangu, sijasema kwamba kidole ni kibaya. Kidole cha fundi ni mali. Lakini kidole hukumbuka cha jana, na namba husema cha leo. Vikienda pamoja, kazi husimama. Basi mkitoka hapa, kila mtu ageuze kitu kimoja nyumbani kwake, mfuko wa mbegu, chupa ya dawa, kopo la rangi, asome kilichoandikwa nyuma. Huenda kitu hicho kimekuwa kikisema naye miaka yote.

Kwaherini, na kazi njema.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

kikalio: kipande cha mviringo ambacho rili hukaa juu yake
wayo wa rili: chuma cha chini ya rili kinacholala juu ya kikalio
keezo: chombo cha kuzungushia kitu kinachokerezwa
jiriwa: chombo cha kubania kitu kisitikisike
tupa: chuma chenye meno madogo cha kupunguzia
mkwaruzo, mikwaruzo: alama ya kuchorwa na kitu kikali

HESABU

1. Fundi anatumia misasa mitano. Kila msasa unamchukua dakika 15. Atasugua kwa muda gani? Andika jibu kwa saa na dakika.
2. Karatasi moja ya msasa hukatwa vipande 6. Kikalio kimoja hutumia vipande 2 vya kila namba. Fundi mwenye karatasi moja ya kila namba atamaliza vikalio vingapi?
3. Panga namba hizi kuanzia msasa mkali mpaka ulio laini: 600, 120, 1000, 240, 400.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kikalio kilichokonda kilimpotezea mzee samaki wake?
2. Kwa nini tukaushe kikalio kabla ya kukitazama?
3. Utajuaje plastiki ipi itang'aa na ipi haitang'aa, bila kutumia moto?
4. Msemaji alisema kwamba kung'aa huanza kwenye namba ya kwanza. Toa mfano wa kazi yako mwenyewe ambayo kosa la mwanzo huonekana mwishoni.